Miezi Minane Ghalani

Ghalani, tarehe 6 Machi

Bwana Kiyoyozi, shemeji yangu,

Pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Wewe najua unaisoma hii ukiwa na beji shingoni na baridi ya mashine mgongoni. Usinionee huruma. Leo nina furaha, na nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hapa inashika mtandao pale tu ninapopanda juu ya meza, na mtu wa umri wangu hawezi kupanda meza kila anapotaka kumsalimu shemeji yake.

Fukusi wanakufa! Tulifunga magunia ya mahindi mwezi wa Januari, tukayachanganya na ule unga wetu wa kuvu, ile inayoota juu ya wadudu na kuwaua, bila tone la sumu. Wiki hii nimefungua magunia ya kwanza na kuyamwaga kwenye chekeche. Karibu fukusi wote wamekufa, kila mmoja kafunikwa utando mweupe. Mlinzi wa ghala alikuja kuchungulia, akaniuliza, “Mama, hawa wamekufa au wamevaa sweta?” Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mkuu wa idara naye alifika, na viatu vyake vya kung’aa, akasimama mlangoni asije akachafuka. Akasema mbele ya watu, “Ukifikisha mwaka na matokeo kama haya, nafasi ya uhadhiri ya kudumu ni yako. Nitaipigania mimi mwenyewe.” Shemeji, unajua nimekaa chuoni hapo kwa mikataba ya miezi sita sita tangu mimi na wewe tulipomaliza shahada ya uzamivu. Wewe ulipoenda kwenye kampuni yenu ya dawa za wadudu nilikutania kwamba umeuza roho. Kumbe na mimi nilikuwa naikodisha yangu, tena kwa bei ya chini. Sasa naona mwisho wake. Mwaka mmoja tu, na nitakuwa mtu mwenye kazi.

Mdogo wangu anaendeleaje na ile mashine ya kusafisha damu? Kila nikikumbuka kwamba ni mimi niliyemleta pale maktaba siku ile mkaonana, najisifu. Mwambie mama mkubwa wa watoto wake anampenda, na asile chumvi kwa siri, namjua.

Mama Kuvu


Mjini, tarehe 21 Machi

Mama Kuvu, shemeji,

Barua yako imenifikia ikiwa na unga wa mahindi ndani ya bahasha. Mke wangu ameikung’uta akasema hiyo ndiyo pafyumu ya dada yake.

Hongera. Sana. Mimi huku bado naandika maneno ya nyuma ya pakiti. Wiki iliyopita tulikaa kikao kizima, watu sita wenye shahada kubwa kubwa, tukibishana kama tuandike “nawa mikono” au “nawa mikono vizuri”. “Vizuri” ikashinda. Ukisikia mtu anasema wasomi hawana faida, mwonyeshe pakiti yetu.

Mdogo wako hajambo kiasi. Hospitali anakwenda mara mbili kwa wiki. Kitanda, mashine, dawa, vyote vinalipwa na bima ya kampuni. Namshukuru Mungu, na siku nyingine naishukuru kampuni kabla ya Mungu, dhambi hiyo anisamehe.

Nina swali la kitaalamu. Ghala lako ni la bati, si ndiyo? Umefikiria joto la bati kwa muda mrefu? Sisemi kwa miezi miwili mitatu. Muda mrefu.

Na jambo jingine. Wizara imetangaza nafasi ya mkaguzi wa mbegu. Kazi ya kudumu, pensheni, nyumba. Nimekukatia tangazo nimeliweka humu. Mwaka huu ndio wa mwisho kwako kuajiriwa serikalini, umri hautakuruhusu tena. Omba tu. Kuomba si kuolewa.

Bwana Kiyoyozi


Ghalani, tarehe 12 Mei

Shemeji,

Umepata! Yaani nimepata mimi, lakini wewe ndiye uliyehangaika. Niliomba kwa sababu mdogo wangu alinipigia analia, nikashindwa kukataa. Nikaitwa, nikahojiwa na mabwana wanne waliokuwa na njaa, na wiki iliyopita barua ya ajira imekuja. Wanataka jibu kabla ya katikati ya Juni.

Walinitembeza ofisini. Ni chumba kizuri, kina dirisha. Mezani kuna darubini mpya kabisa, bado imo ndani ya boksi lake, na juu ya boksi wamelaza kitambaa na birika la chai. Nikauliza mbona haijafunguliwa. Bwana mmoja akanijibu kwa upole, “Tunasubiri mtaalamu wa kuja kuifungua.” Nikamuuliza, tangu lini? Akasema, “Mimi niliikuta.” Yeye anastaafu mwakani.

Sikatai, shemeji, moyo ulinidunda nilipoona mshahara. Nilikaa kwenye benchi ya nje nikawaza nyumba ya kwangu, yenye jiko ambalo halina mwenye nyumba wa kulichungulia. Kisha nikarudi ghalani nikafungua magunia ya mwezi wa nne. Bado wanakufa. Nitawaacha vipi? Nikiondoka sasa mradi unafungwa kesho yake, na ile nafasi ya uhadhiri itapewa mpwa wa mtu. Nitakataa kazi ya wizara. Nimeshaamua, najaribu tu kuizoea sauti ya neno lenyewe.

Kuhusu joto, usiwe na shaka. Unga niliuweka kwenye kabati la joto pale maabara wiki sita nzima, kwa joto kali kuliko la ghala lolote, na ukatoka mzima. Kama unastahimili hilo, bati litaufanya nini?

Mama Kuvu


Mjini, tarehe 25 Mei

(Haikutumwa.)

Shemeji yangu,

Leo nakuandikia ukweli, halafu nitaona kama nina ubavu wa kuutia kwenye bahasha.

Kabla sijahamishiwa kwenye maneno ya pakiti, nilikuwa kwenye kuvu. Miaka mitatu. Kuvu ile ile, fukusi wale wale. Ulikuwa ukiniuliza nafanya nini huko, nami nikikujibu “mambo ya kampuni”, ukaniita mpiga ramli. Tulipata matokeo kama yako, tukacheka kama wewe. Hata kabati la joto tulilitumia, nalo lilitudanganya kama linavyokudanganya. Kuvu ni kiumbe hai. Inavumilia joto kali la wiki sita, lakini haivumilii joto la bati la mchana baada ya mchana. Inachoka kidogo kidogo, na kwa macho huoni kitu, mpaka ifike miezi minane. Hapo unga wote unakufa kwa pamoja, na fukusi wanarudi kama walioalikwa.

Tulijaribu kuukinga kwa mafuta, kwa udongo, kwa vifuko. Maghala matatu, misimu mitatu. Kila mara miezi minane. Kampuni ikafunga mradi, ikatusainisha sote kwamba hatutasema. Matokeo mabaya nayo ni mali yao, maana washindani wakipoteza miaka yao huko, ni faida kwetu. Hivyo ndivyo mwanasheria alivyotueleza, akitabasamu, kama mtu anayeeleza kanuni za mchezo.

Nikikuambia, utaacha mradi. Watu watauliza kwa nini. Wewe hujui kudanganya, utataja sababu, na kampuni itajua imetoka wapi, maana shemeji yako ni mmoja tu. Nitafukuzwa. Bima itakatika mwezi huo huo. Mashine ile ya hospitali, shemeji, hatuwezi kuilipia sisi hata kwa kuuza nyumba. Nikifungua mdomo kukuokoa wewe, mdogo wako anakufa. Nimeipiga hesabu hiyo kila upande, na inatoka hivyo hivyo.

Anapolala ndipo ninapomwangalia na kukufikiria wewe ukiwa na chekeche lako, umefurahi. Naona aibu ya kuwa hai.

Shemeji yako


Mjini, tarehe 25 Mei

Mama Kuvu,

Barua yako nimeisoma. Chukua kazi ya wizara.

Sina la kuongeza zaidi ya hilo, lakini najua hutaridhika, basi ngoja niseme. Umri unakwenda. Mkuu wa idara amekuahidi kwa mdomo, na mdomo haupigwi muhuri. Chukua hiyo kazi, fungua hiyo darubini, weka birika pembeni. Utafiti hauzai wala hauziki. Siku ukiugua, ni fukusi gani atakayekuletea uji?

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Shemeji yako


Ghalani, tarehe 9 Juni

Shemeji,

Nimeisoma yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipokuwa unatania. Sikupapata.

Kwamba sina mume wala mtoto nalijua, halikuhitaji stempu. Wengine wote wakisema, sawa, wao hawajui kazi hii. Lakini wewe ulikuwa darasani pamoja nami. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia tochi tukihesabu wadudu. Nilidhani hata kama dunia nzima itaniona mwehu, kuna mtu mmoja mjini anayejua ninachofanya. Sasa naona umekaa sana kwenye baridi.

Au unaona aibu, wenzako wenye beji wakiuliza dada wa mkeo anafanya nini, useme anachekecha mahindi?

Wizara nimewaandikia wiki iliyopita kukataa. Jibu langu limeshapokelewa. Msalimie mdogo wangu, na tuache kuandikiana kwa muda.

Dada wa mkeo


Ghalani, tarehe 9 Oktoba

Shemeji yangu,

Najua ni mimi niliyesema tuache, na sasa ni mimi ninayerudi kichwa chini.

Unga umekufa. Nilifungua magunia ilipotimia miezi minane nikasikia kabla sijaona. Wewe unaijua ile sauti ya gunia lenye fukusi wengi, ukiweka sikio. Nikadhani nimefungua gunia la majaribio lisilo na dawa. Nikaangalia namba. Nikafungua jingine, na jingine, mpaka mlinzi akanishika mkono akasema, “Mama, yatosha, yote ni hayo hayo.” Nikauweka unga kwenye maji ya sukari maabara kuona kama utaota. Hakuna hata chembe iliyoota.

Nilikaa ghalani nikalia, shemeji. Sikulia kilio cha mwanamke mpole, nililia kwa kelele. Mahindi yamegeuka vumbi. Wakulima waliotuazima magunia yao walikuja kuyachukua, hawakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mkuu wa idara amenitumia ujumbe kwamba chuo hakina nafasi mwaka huu, na mkataba wangu ukiisha mwezi huu hautaongezwa. Viatu vyake havikuja mara hii. Wizara niliwapigia, nikajitia sina haya. Binti wa mapokezi akanijibu vizuri kabisa kwamba nafasi imejazwa, na hata isingejazwa umri wangu umepita mwezi Agosti.

Sasa nimefika kwenye lililonifanya niandike. Nisamehe. Ulinionya na nikakutukana. Uliona mbali, mimi nikaona pua yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nimevunja yote mawili. Mpaka leo sijui ulijuaje, labda ni ile akili yako ya kuona mtu anapokaribia kuanguka. Ninavyokushukuru kwa kunijali huwezi kujua.

Kama kuna kazi yoyote kwenye kampuni yenu, hata ya kuandika “vizuri”, niombee. Wasifu wangu nimeuweka humu.

Mama Kuvu, ambaye sasa hana kuvu


Mjini, tarehe 20 Oktoba

Shemeji,

Pole. Hilo neno ni dogo lakini sina jingine. Usiniombe msamaha, tafadhali. Usirudie tena kuniomba msamaha.

Huku kwetu usiombe. Ndugu wawili kwenye kampuni moja huleta maneno, na kazi zenyewe ni za mauzo, kutembea na mkoba. Haikufai. Jaribu vyuo binafsi. Jaribu mashirika. Nitakuulizia.

Njoo ukae nasi kwanza. Chumba cha watoto kina nafasi.

Shemeji yako


Mjini, tarehe 22 Oktoba

Dada yangu mpenzi,

Huyu mume wangu usimsikilize. Tangu barua yako ifike hali vizuri, halali, ukimuuliza anasema tumbo. Nimemwambia aende na wasifu wako kazini, akaanza kuniambia habari za maneno ya watu. Maneno ya watu yatakulisha? Basi jana nikitoka hospitali nilipitia mwenyewe kwenye kampuni yao, na bandeji yangu mkononi, nikaukabidhi kwa bibi mmoja wa ofisi ya ajira. Alikuwa mkarimu sana. Kasema watu wanaojua fukusi hawapatikani.

Mume wangu nilipomwambia akasema, “Umefanya vizuri.” Uso wake haukusema hivyo. Wanaume na heshima zao.

Uje mapema. Nimekumiss, na nimepungua, usishtuke ukiniona.

Mdogo wako


Mjini, chumba cha kupanga, tarehe 28 Novemba

Shemeji,

Hii ni ya mwisho, kwa sababu kuanzia Jumatatu tutakuwa jengo moja na barua hazitakuwa na maana. Nimeshindwa kukuambia usoni. Ndiyo maana nimepanga chumba badala ya kuja kwenu, na mdogo wangu nimemwambia watoto wana kelele.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Yule bibi wa ajira, bwana wa mauzo, na mkemia mzee mwenye miwani ya kamba. Wakaniomba nieleze kazi yangu ya mwisho. Nikaeleza yote, sikuficha kitu, nikasema unga wetu ulifia ghalani baada ya miezi minane. Yule mzee akacheka, akacheka kwa huruma kabisa, akapiga meza. “Miezi minane! Hata sisi! Kila mara miezi minane! Shemeji yako hajakuambia? Alikuwa—”

Bibi wa ajira akakohoa. Mzee akavua miwani akaanza kuifuta. Bwana wa mauzo akaniuliza kama naweza kuendesha pikipiki.

Nilijibu kwamba naweza. Sijui sauti ilitoka wapi. Wakati wanazungumza habari za posho, mimi nilikuwa narudi nyuma barua kwa barua. Joto la bati, muda mrefu. Nakuomba, sijawahi kukuomba kitu. Na mimi nikakushukuru, shemeji! Nilikuandikia shukrani kwa mkono wangu, na wewe ukazipokea.

Nilitaka kuja kwenu usiku ule ule nikuvunjie vyombo. Nikafika mpaka getini. Dirisha lilikuwa wazi, nikamwona amekaa kitini, mkono wenye bandeji umelala juu ya mto, anamcheka mtoto. Nikasimama pale nikapiga hesabu yako: kazi yako, bima, ile mashine. Ilinichukua muda mfupi sana. Ningekuwa wewe ningenyamaza pia. Nimejaribu kujidanganya kwamba nisingenyamaza, nimeshindwa. Lakini usidhani kwa kuwa nimekuelewa nimekusamehe. Kukuelewa kumenizibia hata mahali pa kukasirikia. Ningekuwa na adui, ningekuwa na kitu.

Yeye hajui, na kwangu hatajua. Jumamosi nitampeleka mimi hospitali. Wewe baki na watoto.

Kazi nimeichukua. Afisa mauzo, dawa ya unga ya kuhifadhi nafaka, ile ile sumu niliyotaka kuiondoa ghalani. Nitaipeleka kwa wakulima wale wale, na watainunua, kwa sababu mahindi yao waliyaona. Karatasi ya siri walinipa nisaini kabla ya kunipa beji. Imeandikwa kwamba sitazungumza juu ya kazi yoyote inayohusu kuvu, iwe ya kampuni au niliyoifanya kabla. Ripoti yangu ya ghala nilikuwa nimekwisha kuiandika, niichapishe bure mahali popote, angalau mtu mwingine asipite nilikopita. Nikamuuliza yule bibi kama na hiyo inaingia. Akasema kwa upole kwamba inaingia. Nilifikiria chumba hiki, kodi yake, na mdogo wangu akibaki peke yake siku na wewe ukianguka. Nikasaini.

Jana nimepokea barua kutoka chuo kingine, watafiti wawili, mume na mke, bado vijana. Wamesikia nilifanya kazi ya kuvu na fukusi. Wamepata fedha za miaka mitatu, wameacha kazi zao za ualimu, na ghala wameshajenga, la bati. Wanafunga magunia Januari. Wananiuliza, kwa heshima kubwa, kama kuna jambo lolote la kuwaonya.

Nimewajibu leo asubuhi. Nimewaandikia kwamba wazo lao ni zuri, na nikawatakia heri.

Dada wa mkeo